Kiungo cha Kushoto

Gari la Chuo Kikuu cha Hazina lilikuwa limeshavuka geti la Chuo cha Mifugo Kwalembe, na mama yake Yoramu alikuwa bado analikimbilia, kopo la samli mkononi. Dereva alimwona kwenye kioo akaongeza mwendo kidogo. Si kwa ubaya. Sheria ya usajili inakataza mchezaji kupokea zawadi akiwa njiani, maana huo unahesabika ushawishi.

Yoramu Ndelwa alikuwa amekaa nyuma, katikati ya nguzo mbili za goli. Nazo zilikuwa zimesajiliwa.

"Kaa vizuri, dogo," alisema Bwana Dismasi Kichele, Afisa Usajili wa Hazina, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi nzima akiwachukua wanaojua mpira. "Hizo nguzo mwaka jana zilizuia mabao manne. Usizikwaruze."

"Mama yangu anakimbia, mzee."

Dismasi aligeuka akatazama. Akatoa daftari. "Ana mbio kweli. Ana miaka mingapi?"

"Hamsini na mitatu."

"Basi tena," alisema Dismasi, akalifunga daftari.

Yoramu alikumbatia begi lake. Ndani mlikuwa na njumu, shuka, na kitabu cha kuzalisha ng'ombe kilichochanika jalada. Alibakiza mtihani mmoja tu apate cheti cha utabibu wa mifugo: kumzalisha ng'ombe mbele ya mwalimu, ndama atoke mzima. Dismasi alimwapia kwamba mtihani huo ataufanyia Hazina, tena kwa ng'ombe wa kisasa. Yoramu alimwamini. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mpaka siku ile waliowahi kumdanganya walikuwa ng'ombe peke yao.

*

Nchi yenyewe haitajwi jina hapa, kwa kuwa serikali yake imelisajili jina hilo, na anayelitaja hulipia.

Zamani nchi hiyo iligawa maji ya bomba kwa kuhesabu watu. Ikaonekana si haki, maana mikoa yenye watu wengi ilikuwa inapata maji mengi. Ndipo Waziri wa Elimu, Mipira na Maji, ambaye wizara zake tatu ziliunganishwa ili kubana matumizi, naye akaachiwa mishahara yote mitatu ili asivurugike kichwa, alipokuja na dawa. Maji yafuate mpira. Mkoa ambao chuo chake kimetwaa Kombe la Vyuo ufunguliwe bomba mwaka mzima. Mkoa wa pili upate siku za Jumatano. Iliyobaki ipelekewe salamu za Waziri.

"Takwimu zina kona," alisema Waziri siku ya uzinduzi, huku akinywa maji ya chupa. "Mpira ni duara. Kitu cha duara kitaficha wapi uongo?"

Watu wakapiga makofi. Waliokuwa hawajapiga walihesabiwa.

Kwalembe walilitwaa kombe hilo miaka kumi na moja mfululizo. Hapakuwa na uchawi. Mtu aliyekua akikimbiza ndama kwenye mawe, ukimpa uwanja ulionyooka na mpira usio na pembe, anajiona yuko likizo. Bomba la Kwalembe likatiririka, migomba ikanenepa, ng'ombe wakasahau kiu ni nini.

Wakubwa wa mji mkuu, waliokuwa wakioga Jumatano kwa Jumatano, hawakufurahi. Wengi wao walisoma Hazina. Bunge likakaa asubuhi moja likapitisha Sheria ya Usawa wa Vipaji, yenye kifungu kimoja kizuri ajabu: kila chuo, kikubwa kwa kidogo, kina haki sawa ya kusajili mchezaji yeyote kutoka popote nchini, mradi kilipie.

Kwalembe nao walipewa haki hiyo, tena na fomu juu. Kocha Malogo, ambaye ndiye pia aliyekuwa mkuu wa chuo na mwalimu wa kuku, aliijaza kwa mwandiko wa taratibu, akaomba golikipa wa akiba wa Hazina. Akajibiwa kwa heshima kwamba bei yake ni kilima chote cha Kwalembe, watu wakiwa juu yake.

Hazina wakaanza na golikipa wa Kwalembe. Wakarudi wakachukua mabeki wanne. Mwaka uliofuata walimchukua mshangiliaji mmoja mwenye sauti nzito, halafu wakazikunja nyasi za uwanja kama mkeka wakaenda nazo. Bomba la Kwalembe likabaki na tabia moja: ukilifungua, linakohoa.

Akawa amebaki Yoramu, kiungo wa kushoto, aliyeweza kuutuliza mpira kwenye unyayo kama anayemlaza mtoto.

*

Hati ya uhamisho iliandikwa asubuhi ile ile ya safari, na aliyeiandika ni Bi. Mwanaidi, mpiga taipu wa chuo, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na nne kabla ya kustaafu. Alikuwa mama mwema. Hakuwahi kumdhuru mtu ila kwa wino mwekundu.

"Andika, mama," alisema Dismasi, mguu mmoja tayari nje ya mlango. "Chuo cha Kwalembe kinaihamishia Hazina, moja kwa moja na bila kurudi, kiungo wa kushoto wa timu yake, Yoramu Ndelwa."

Taipu ikanyamaza.

"Kiungo nani?"

"Wa kushoto."

"Kiungo *wa*? Wewe nyumbani kwako unasema kiti wa? Kijiko wa?"

"Mama, kwenye mpira tunasema hivyo hivyo."

"Kwenye mpira mnasema mengi, mengine hata hayafai mbele za watu. Kwenye taipu yangu kiungo ni ngeli ya ki-vi. Kiungo *cha* kushoto. Halafu hii 'wa timu yake' ni nini? Timu ina viungo? Mwenye viungo ni mtu."

"Andika unavyotaka, mama, gari linaunguruma."

Bi. Mwanaidi akaandika anavyotaka: *kiungo cha kushoto cha Yoramu Ndelwa*. Akaisoma tena, akaridhika. Dismasi akaweka sahihi bila kusoma, maana alikuwa msomi. Malogo akaweka sahihi bila kusoma, maana macho yake yalikuwa dirishani, yakilitazama dume la mbegu ambalo Hazina walilileta kuwa malipo. Yoramu akasoma neno kwa neno, akaona kitu kinamkwaruza, lakini akaona haya kumsahihisha Bi. Mwanaidi.

"Shikamoo, Bi. Mwanaidi. Naondoka."

"Marahaba, mwanangu. Na huko usiende kuharibu lugha."

*

Hazina palikuwa na viungo arobaini. Yoramu akawa wa arobaini na moja.

"Wanacheza wangapi?" aliuliza.

"Watatu," alisema Dismasi.

"Na sisi wengine?"

"Ninyi kazi yenu ni kutochezea vyuo vingine. Kazi nyepesi hiyo, dogo. Wenzako wanaililia."

Benchi la akiba lilikuwa refu mpaka likapinda kona nyuma ya jukwaa. Kutoka nafasi yake Yoramu hakuuona uwanja. Mechi alizisikia tu, kama mtu anayesikia harusi ya jirani. Chakula kilikuwa kingi. Maji yalimwagika mabombani hata pasipo na mtu, kwa ajili ya sauti.

Kwa kuwa sheria ilitaka kila mchezaji awe mwanafunzi, wote walisoma Stashahada ya Mahudhurio. Mtihani wake ulikuwa na swali moja: taja jina la chuo chako. Jibu lilikuwa kwenye jezi. Mwaka ule walifeli wawili, mmoja kwa sababu alivaa jezi nje ndani.

"Mzee, mtihani wangu wa ng'ombe utakuwa lini?" Yoramu alimuuliza Dismasi kila Jumatatu.

"Ng'ombe gani?"

"Uliniapia. Ng'ombe wa kisasa."

"Aaa, hao. Wapo kantini. Nenda kale."

*

Msimu ukayoyoma kwa namna ya ajabu. Hazina walikuwa wamesajili watu wengi mno, hata vyuo vingine vikakosa kumi na mmoja wa kuingiza uwanjani, vikafutwa kimoja baada ya kingine kwa uzembe. Kwalembe waliingiza mpishi, mlinzi, wahadhiri wawili wa mbuzi na yeyote mwenye magoti. Hawakushinda mechi hata moja. Hawakuwa na wa kucheza naye. Hivyo ndivyo walivyofika fainali, dhidi ya Hazina, na maji ya mwaka mzima juu ya meza.

Tatizo likawa moja. Mhadhiri mmoja wa mbuzi alipigwa teke na mbuzi. Walibaki kumi, na kanuni ilitaka kumi na mmoja. Wakipungua, kombe linakabidhiwa Hazina bila jasho.

Malogo aliingia ofisini kwa Bi. Mwanaidi akajitupa kitini. "Tumekwisha. Yoramu angekuwepo tu."

"Kwani hayupo?"

"Si tulimuuza, Bi. Mwanaidi?"

"Nani kamuuza?" Akafungua kabati, akatoa nakala ya hati, akavaa miwani. "Tumeuza kiungo cha kushoto cha Yoramu Ndelwa. Kilichobaki ni chetu."

Malogo alimtazama kama mtu aliyeona bomba likitoa maji. Akampigia Yoramu simu saa ile ile. "Mwanangu, tunakuja kukuchukua. Fainali Jumamosi. Na yule ng'ombe wa chuo, Malkia, anazaa Jumatatu. Jumatatu unafanya mtihani wako, cheti unaondoka nacho."

Yoramu alilia kwa furaha kwenye kona ya benchi. Hakuna aliyemwona, benchi lilikuwa limepinda.

*

Hazina walikataa kumtoa, na shauri likasikilizwa na Waziri mwenyewe, kwa kuwa lilihusu elimu, mipira na maji. Yoramu alisimamishwa mbele ya ukumbi.

"Huyu ndiye mshtakiwa?" aliuliza Waziri.

"Hapana, mheshimiwa," alisema karani. "Ni kielelezo."

Wakamfunga kikaratasi cha namba kidoleni.

Baraza la Sarufi la Taifa liliitwa, likakaa siku tatu. Siku mbili na nusu zilikwenda kuamua kama kiungo hicho ni mkono au mguu, mpaka mzee mmoja wa baraza akakumbusha kwamba mpira ukishikwa kwa mkono ni faulo. Ukawa mguu. Kuhusu *wa* na *cha*, baraza lilisema Bi. Mwanaidi hakukosea hata nukta, na likampigia makofi. Bi. Mwanaidi aliinama kwa haya. Ilikuwa siku njema kuliko zote za maisha yake.

Waziri akasimama kutoa hukumu.

"Serikali hii," alisema, "inaweza kusahihisha mto, inaweza kusahihisha historia, lakini haitathubutu kusahihisha sarufi iliyo sahihi. Kwa hiyo, mguu wa kushoto ni mali ya Hazina. Kilichobaki ni mali ya Kwalembe, na kinaruhusiwa kucheza. Lakini mguu wa Hazina hauwezi kucheza dhidi ya Hazina. Huo utakuwa usaliti, na adhabu ya usaliti mnaijua."

"Mheshimiwa," alisema Yoramu, "na mimi?"

Waziri aliinama kwa upole. "Wewe ni yupi kati ya hivyo viwili?"

*

Jumamosi mguu wa kushoto wa Yoramu ulikunjwa nyuma, ukafungwa kwa mkanda, ukavikwa soksi ya Hazina. Kilichobaki kilivaa jezi ya Kwalembe. Hazina walimweka mlinzi wa mali akimbie pembeni yake mechi nzima, ahakikishe mguu haugusi mpira wala mpira haugusi mguu.

Yoramu akaruka kwa mguu mmoja. Akaanguka. Akainuka, akaruka. Watu wa mji mkuu walicheka mpaka wakaishiwa, wakaagiza vinywaji, wakacheka upya.

"We kongoti, ndege wa mguu mmoja!" walimpigia kelele. "Umesahau mguu mwingine nyumbani?"

"Haujasahauliwa," alijibu mlinzi wa mali, akihema. "Uko kazini."

Lakini mpishi wa Kwalembe golini alikuwa na mwili wa mpishi, na nguzo za lango lake zilikuwa zile zile mbili zilizotoka Kwalembe, zikazuia mabao matano kwa mazoea. Dakika ya themanini na nane ngoma ilikuwa bila bila. Kule Kwalembe watu walipanga foleni bombani na ndoo, redio ikiwa juu ya jiwe.

Kwalembe wakapiga kona. Mlinzi wa chuo cha Kwalembe akaupiga mpira kichwa, ukateremka mbele ya lango. Yoramu aliruka kuufuata, akateleza, akaenda chini kama gunia, na akiwa anakwenda chini mpira ukamkuta kwenye paji la uso. Ukaingia wavuni.

Ikasikika sauti moja ya mwanamke jukwaani: "Mwanangu! Mwanangu huyo!" Ilikuwa ya mama yake, na kopo la samli lilikuwa bado mkononi.

Kule Kwalembe fundi wa maji, aliyekuwa akisikiliza redio, akafungua koki. Bomba likakohoa, likatema kutu, halafu yakaja maji yenyewe, meupe. Wazee wakayagusa kwa kidole. Zilijaa ndoo tatu na nusu.

Refa alikuwa ameshakwenda jukwaani kuzungumza na Waziri. Akarudi na kipaza sauti.

"Kilichobaki kilifunga bao kwa sababu kilianguka," alitangaza. "Kilianguka kwa sababu hakikuwa na mguu wa kushoto. Kama mguu ungekuwepo, bao lisingekuwepo. Kwa hiyo bao limesababishwa na mguu, na mguu ni wa Hazina. Hazina moja, Kwalembe bila."

Fundi wa maji akafunga koki. Ile nusu ndoo waliipigania.

*

Jumapili asubuhi Dismasi alifika na gari lenye barafu. Hati ilisema *moja kwa moja na bila kurudi*, na mkaguzi wa Hazina alikuwa ameuliza kwa nini mali ya chuo inalala nje ya chuo.

Mama yake Yoramu alisimama mlangoni. "Mnamkata mwanangu mguu?"

"Hatukati, mama," alisema Dismasi, na kweli sauti yake ilikuwa na huruma. "Tunachukua tu. Angekuwa anakatwa, angelipwa fidia."

Bi. Mwanaidi alikuja mbio na taipu kifuani. "Naweza kuandika upya! Nipeni karatasi, naandika *wa*. Sijali, naandika hata *kiti wa*!"

"Kuandika upya ni kughushi, mama. Na baraza limeshakupigia makofi."

Bi. Mwanaidi akamgeukia Yoramu. "Ilikuwa sahihi, mwanangu. Naapa ilikuwa sahihi."

"Najua, Bi. Mwanaidi," alisema Yoramu. "Niliisoma."

Malogo akaletewa hati ya makabidhiano. Akauliza kama asiposaini wataondoka. Akaambiwa wataondoka, ila na dume. Akasaini.

*

Jumatatu Malkia alizaa. Yoramu aliletwa juu ya mkokoteni, akamwegemea ng'ombe ubavuni, akaingiza mkono. Ndama alikuwa ametanguliza makalio. Akamgeuza, akamtoa mzima, jike. Malogo alitazama kanuni ya mtihani, kifungu cha saba: mtahiniwa asimame imara kwa miguu yote miwili nyuma ya ng'ombe. Akamwandikia amefeli.

Dismasi alipandishwa cheo. Sasa anasajili kwa viungo vidogo vidogo, ambavyo usafiri wake ni rahisi.

Waziri aliongezewa wizara ya afya.

Dume la mbegu lilirudi Hazina kwa mkopo na halijarejeshwa. Malogo bado anafundisha kuku. Nguzo za goli ziliachwa huru na Hazina kwa utovu wa nidhamu, zikanunuliwa na mwenye banda la chipsi.

Mama yake Yoramu alifariki mwaka wa ukame. Samli ilikutwa kabatini.

Bi. Mwanaidi, sasa mjumbe, anaingia kwenye kikao cha Baraza la Sarufi kila robo mwaka na haongei.

Mguu uliwekwa Hazina kwenye sanduku la kioo, ukumbi wa mbele. Kwa kuwa sheria ilitaka kila mchezaji awe mwanafunzi, uliandikishwa Stashahada ya Mahudhurio, na kwa miaka mitatu haukukosa kipindi hata kimoja. Siku ya mahafali Waziri aliuvisha joho. Kitabu cha wahitimu wa Hazina kinasema: *Mguu alihudhuria vizuri, aliheshimu walimu wake, na amehitimu akiwa wa kwanza.*

Kitabu cha Kwalembe, kwa taipu ya Bi. Mwanaidi, kinasema: *Kilichobaki kilirudishwa. Kipo. Kinazalisha ng'ombe, bila cheti.*